Wapelelezi binafsi mmezidi sasa, tunalipia uchunguzi tunaletewa skrinshoti za Facebook

Wakuu naandika nina hasira, mtanivumilia nikirukaruka.

Familia yetu inamtafuta jamaa alokimbia na hela za biashara ya pamoja. Tukapata mpelelezi binafsi, ana suti, ana maneno, ana kadi ya biashara. Kala kianzio, kimya. Ukipiga simu yuko "fildi", ukiuliza fildi gani anakwambia hilo ni siri ya kazi. Mwisho kaleta ripoti: skrinshoti za Facebook ambazo hata mtoto angezipata, na picha ya geti la nyumba ya jamaa, haina tarehe haina saa, na hilo geti tulimwelekeza sisi wenyewe!! Risiti za mafuta eti zimepotea. Hapo sijui nicheke au nilie.

Sasa kilichonitibua zaidi ni hiki, tulipoanza kulalamika akasema ongezeni hela niwatolee orodha ya simu zake zote na salio la benki, nina mtu wangu ndani. Una mtu ndani?? Mpelelezi binafsi ni raia kama mimi na wewe, hana ruhusa ya kuchota rekodi za simu za mtu wala kusikiliza maongezi yake wala kuingia akaunti yake, huo ni uhalifu na anayekutuma anaweza kuunganishwa. Hata mabosi wakubwa yamewakuta: kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard, Marekani, mwaka 2006, wapelelezi waliokodiwa walijifanya ndio wenye namba wakachota rekodi za simu za wakurugenzi na waandishi wa habari, mwenyekiti wa bodi akang'oka na Marekani ikatunga sheria kabisa ya kuzuia huo mchezo. Uingereza mpelelezi wa gazeti la News of the World alifungwa 2007 kwa kudukua meseji za sauti za watu, na gazeti lenyewe likafungwa 2011. Na ushahidi wa kuiba ukiupeleka mahakamani unaweza kutupwa, halafu unageuka mshtakiwa wewe.

Kazi halali yenyewe wala haina mbwembwe. Mtu anakaa kwenye gari masaa anaangalia mlango, anapiga picha sehemu ya wazi zenye tarehe na saa, anapekua masjala ya mahakama, usajili wa makampuni, hati za ardhi, anaongea na majirani. Analipwa kwa saa na gharama juu, na anaweza kurudi mikono mitupu ukamlipa vilevile, ndo maana lazima mkataba uandikwe: mwisho masaa mangapi, gharama zipi na risiti zake, ripoti lini, akishindwa kianzio kinakuwaje. Wetu alituma voisi tu, mkataba akasema "tutaelewana". Leseni pia muulizeni, ila nchi nyingine hata hazidai, kwahiyo cheti ukutani peke yake hakisemi kitu.

Halafu hakutuuliza hata siku moja kwanini tunamtafuta huyo mtu! Mnaona ni kitu kidogo? 1989 shabiki mmoja alimlipa mpelelezi amtafutie anwani ya mwigizaji Rebecca Schaeffer, ikapatikana kwenye rekodi za leseni za udereva za California, jamaa akaenda akampiga risasi mlangoni kwake, ndo hadi 1994 ikapita sheria ya kulinda hizo rekodi. Mpelelezi asiyeuliza sababu, kesho atamuuzia mume anayempiga mkewe mahali huyo mke alipojificha, na yeye yuko busy kuhesabu hela.

Kwahiyo wakuu, mwenye kujua njia ya kurudishiwa kianzio bila kwenda kuteketeza hela nyingine kwa wakili aje hapa chini, sisi tumebaki na voisi zake na muamala wa simu tu. Na asije mtu inbox kuniambia "nina mpelelezi mmoja mzuri sana", nitamtukana.