Uveitisi ya mbele: kwa nini daktari wa macho aliuliza habari za mgongo?

Kaka_Mkubwa aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 28, aliamka jicho lake la kushoto likiwa jekundu, likiuma kwa ndani, likitoa machozi na halivumilii mwanga hata kidogo, ingawa halikuwa na tongotongo wala kope zake hazikugandamana. Tulidhani ni ugonjwa wa kawaida wa macho mekundu, na nusura atumie dawa ya matone iliyobaki kwa mgonjwa mwingine. Daktari wa macho alipompima alisema kwamba sehemu ya mbele ndani ya jicho imevimba, akaiita uveitisi ya mbele, akamwandikia matone ya aina mbili, kisha akamuuliza iwapo kiuno na mgongo humkaza anapoamka. Naomba wenye ujuzi wanieleze ugonjwa huu husababishwa na nini, una aina gani, na mgongo unaingiaje katika habari za jicho.

Tabibu_wa_Macho alijibu:

Pole kwa kuuguza, ndugu. Daktari wenu aliuliza swali la maana sana, na nitalifikia baada ya kueleza mahali penyewe palipoumwa.

Nyuma ya konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, kuna nafasi iliyojaa maji safi, na nyuma ya maji hayo kuna irisi, sehemu yenye rangi inayozunguka tundu la mboni. Irisi pamoja na mwili wa silia unaopakana nayo kwa nyuma ni sehemu ya mbele ya tabaka lenye mishipa mingi ya damu liitwalo uvea. Ikivimba irisi peke yake tunaita iritisi, na uvimbe ukifika kwenye mwili wa silia tunaita iridosiklitisi, lakini zote mbili ni uveitisi ya mbele, ambayo huonekana mara nyingi zaidi kuliko uveitisi za sehemu nyingine za jicho.

Jicho likiwa katika hali hiyo, kuta za mishipa midogo ya damu huruhusu protini na seli nyeupe kuvuja na kuingia katika maji yale. Mgonjwa akikaa gizani mbele ya darubini ya macho, na mwale mwembamba wa mwanga ukapitishwa kwa mshazari, seli hizo huonekana zikielea polepole kama vumbi kwenye mwali wa jua uliopenya katika chumba chenye giza. Tunazihesabu katika eneo la milimita 1 kwa 1: zikiwa 6 hadi 15 ni daraja la kwanza, na zikizidi 50 ni daraja la nne. Nyingine hunata kwenye upande wa ndani wa konea, na uvimbe ukiwa mkali sana hutuama chini na kufanya mstari mweupe unaoonekana hata bila darubini.

Kwa nje, wekundu wake hukolea kandokando ya konea, ilhali katika ugonjwa wa kawaida wa macho mekundu hukolea zaidi mbali na konea, kuelekea kwenye kope. Tundu la mboni huweza kuwa dogo kuliko la jicho la pili, au kupoteza umbo lake la mviringo kwa sababu ukingo wa irisi umenata kwenye lenzi. Dalili moja ninayoiamini sana ni hii: ukimulika jicho lisiloumwa, lile bovu huuma, kwa kuwa mboni zote mbili husinyaa kwa pamoja na misuli iliyovimba hulazimika kuvutika.

Sasa mgongo. Kuna alama ya kurithi katika seli iitwayo HLA-B27. Wenye alama hiyo huelekea zaidi kupata iritisi ya ghafla katika jicho moja, ambayo huweza kurudi baadaye katika jicho hilohilo au la pili, na pia huelekea zaidi kupata ugonjwa wa kuvimba kwa viungo vya uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo wa namna hiyo huanza ujanani, huzidi mtu akilala na hupungua akijishughulisha. Wengi huvumilia mgongo kwa miaka bila kupimwa, na jicho ndilo linalowafikisha kwa daktari. Mdogo wako akisema ndiyo, apelekwe pia kwa mtaalamu wa viungo.

Visababishi vingine ni pamoja na virusi vya hepesi na vya mkanda wa jeshi, kaswende, kifua kikuu, sakoidosisi (ugonjwa unaofanya vivimbe vidogo vya seli mwilini), magonjwa ya kuvimba kwa utumbo, ugonjwa wa Behçet (wa kuvimba kwa mishipa ya damu), na jeraha la jicho. Wagonjwa wengi hawapatikani na chanzo chochote hata baada ya vipimo. Ndiyo maana tunatazama aina kabla ya kuagiza vipimo. Upangaji uliokubaliwa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2005 unatenganisha uvimbe wa ghafla unaokwisha, ule unaorudi baada ya angalau miezi 3 ya utulivu bila dawa, na ule sugu unaorejea kabla ya miezi 3 kupita tangu dawa iachwe. Jicho moja la ghafla kwa kijana hunielekeza kwenye HLA-B27, lakini macho yote mawili yenye uvimbe sugu na madoa makubwa mazito nyuma ya konea hunifanya nifikirie sakoidosisi au kifua kikuu.

Mgonjwa_wa_Zamani aliongeza:

Mimi nina HLA-B27 na nimeugua iritisi zaidi ya mara moja. Mwambie mdogo wako asiache matone ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu maumivu yamekwisha. Huanza kutiwa mara nyingi kwa siku, wakati mwingine kila saa, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Chupa ya prednisoloni, ambayo ni steroidi, itikiswe vizuri, kwa kuwa dawa hutuama chini. Matone ya pili, yale ya kupanua mboni, humfanya mtu ashindwe kusoma kwa karibu, na hilo ni la kutarajiwa.

Kaka_Mkubwa:

Nawashukuru sana. Kwa nini basi nisiweke chupa ya steroidi nyumbani, ili jicho likirudia aanze mara moja?

Tabibu_wa_Macho:

Tafadhali usifanye hivyo bila makubaliano na daktari wake. Jicho jekundu lijalo laweza kuwa na kidonda cha hepesi kwenye konea, na steroidi ikitiwa peke yake hukikuza kidonda hicho hadi kuharibu uoni. Matone hayohayo yakitumika muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Uvimbe wenyewe nao, usipotibiwa, huleta madhara hayohayo. Akihisi dalili zimerudi, apimwe siku hiyohiyo.

Mama_Msomaji aliuliza:

Binti yangu ana miaka 5 na amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa kuvimba viungo vya mwili. Macho yake ni meupe na halalamiki. Je, naye apimwe?

Tabibu_wa_Macho:

Ndiyo, mama, na usisubiri alalamike. Kwa watoto wenye ugonjwa huo uveitisi mara nyingi huja bila wekundu wala maumivu, na huendelea kimyakimya mpaka mboni inanata au ukanda wa chokaa unatanda kwenye konea. Walio hatarini zaidi ni wale walioanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 7, wenye viungo vichache vilivyovimba na wenye kingamwili iitwayo ANA katika damu. Kundi hilo hupimwa kwa darubini kila baada ya miezi 3, hata kama magoti yamepona kabisa.