Kwa nini tuchangie utafiti wa magonjwa ya neva ilhali mgonjwa wetu amekwisha kufariki?

Swali, kutoka kwa Kaka Mkubwa

Dada yangu alifariki kwa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, hadi mgonjwa anashindwa kutembea, kusema na mwishowe kupumua, huku mara nyingi akili yake ikibaki timamu. Shemeji yangu, aliyemuuguza kwa miaka mitatu, sasa hutuma mchango kila mwezi kwa shirika la hisani linalofadhili utafiti wa ugonjwa huo. Simlaumu, wala fedha si zangu, lakini ningemwelewa kwa urahisi zaidi kama angewanunulia viti vya magurudumu wagonjwa waliopo. Ni nini hasa kinachomsukuma mtu kutoa kwa ajili ya tiba ambayo aliyemtakia apone hatainywa kamwe?

Jibu, kutoka kwa Mwana wa Mshonaji

Pole sana, ndugu. Mama yangu alikuwa mshonaji, kisha ugonjwa wa Parkinson ukamfikisha mahali ambapo hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Levodopa, dawa iliyoanza kuleta nafuu ya kweli kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ilimrudishia mikono yake kwa muda wa kutosha kumshonea mjukuu wake nguo, kabla ya kila dozi kuanza kuisha nguvu mapema na mwili kuanza kujinyonganyonga wenyewe. Mimi huchangia kwa sababu ya nguo ile. Watu nisiowajua walihangaika maabarani kabla sijazaliwa, na mama akashona tena. Sijui kama ninachotoa ni sadaka au ni deni. Na nikiri jambo ambalo wauguzaji wengi hulificha: kuna siku nilichoka nikamjibu vibaya, na mchango ule hunipunguzia uzito wa siku hizo.

Jibu, kutoka kwa Msomaji wa Usiku

Wengine hawatoi kwa ajili ya marehemu, bali kwa ajili ya walio hai ambao bado hawajaugua. Mwaka 1968 Milton Wexler, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alianzisha taasisi ya kufadhili utafiti baada ya Leonore, mama wa binti zake wawili, kugunduliwa kuwa na ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole. Kila mtoto wa mgonjwa wa Huntington ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi. Binti mmoja, Nancy, alikwenda kukusanya damu na nasaba za familia zenye ugonjwa huo kandokando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Mwaka 1983 watafiti wakajua kuwa jeni husika iko kwenye kromosomu ya 4, na mwaka 1993 wakaipata yenyewe. Tiba ya kuuponya haijapatikana, na mwaka 2020 Nancy alitangaza kuwa naye anaugua. Shemeji yako ana watoto? ALS mara nyingi hairithiwi, lakini hofu ya mzazi haisubiri takwimu.

Jibu, kutoka kwa Mpima Maneno

Tusiwapambe sana wachangiaji. Mwaka 2014 mamilioni ya watu walijimwagia maji ya barafu katika kampeni ya mtandaoni ya kuchangia vita dhidi ya ALS, kila mmoja akimtaja mwenzake afanye hivyo au achangie, na shirika moja la ALS nchini Marekani likapata takriban dola milioni 115. Wengi walitoa kwa sababu rafiki amewataja hadharani, basi. Hata hivyo sehemu ya fedha hizo ilisaidia kuitambua NEK1, jeni inayohusishwa na ALS, mwaka 2016, na sehemu nyingine ilichangia majaribio ya dawa ambayo iliidhinishwa mwaka 2022, kisha ikaondolewa sokoni mwaka 2024 jaribio kubwa lilipoonyesha kuwa haisaidii. Anayechangia utafiti akubali kuwa analipia pia majibu ya "hapana".

Kaka Mkubwa

Nawashukuru. Shemeji hana watoto. Jana nilimuuliza shemeji moja kwa moja, na badala ya kunijibu akanifungulia daftari lake la matumizi. Kiasi anachotuma kila mwezi ni kilekile alichokuwa akimlipa muuguzi wa zamu ya usiku. Alisema mwezi wa kwanza baada ya mazishi alizihesabu zile fedha kama kawaida, akaziweka kwenye bahasha, ndipo akakumbuka kuwa hakuna wa kupewa.