Alfa ya Cronbach imetoka juu: je, dodoso la sonona limeshakuwa halali kwa wanawake wenye saratani?

Rehema_Onko ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi kitengo cha saratani na nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu sonona na wasiwasi kwa wanawake wenye saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi walio kwenye tibakemikali. Nimechagua PHQ-9 kwa sonona na GAD-7 kwa wasiwasi, na HADS, dodoso jingine linalopima vyote viwili, bado naitolea macho.

Tafsiri ilifuata utaratibu wa kawaida. Watafsiri wawili walifanya kila mtu kivyake, tukaoanisha, wengine wawili ambao hawajawahi kuliona dodoso la awali wakairudisha kwenye Kiingereza, kisha jopo likakaa kulinganisha. Majaribio ya awali yametoa alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyoendana, ya juu kwa yote mawili. Mwenzangu darasani anasema kazi imekwisha, niingie kukusanya data.

Roho yangu haijatulia. Nikimsomea PHQ-9 mama aliyetundikiwa dawa siku chache nyuma, maswali ya usingizi, uchovu na hamu ya kula yote anajibu "karibu kila siku". Kila jibu kama hilo ni alama 3, kwa hiyo hapo ana alama 9 tayari. Akisema kuna siku akili haitulii, anapata 10 na fomu yangu inamhesabu kuwa ana dalili za sonona. Huku mwenyewe ameshaanza kunisimulia kwa bashasha harusi ya mdogo wake anayotaka kuiwahi. Je, niyaondoe maswali ya mwili? Nihamie HADS? Na ni kitu gani hasa kinanipa haki ya kusema dodoso langu ni halali?

---

Asha_Saikolojia amejibu:

Dada Rehema, pole na kazi, na usikubali kutulizwa. Alfa inakwambia kwamba maswali yanapanda na kushuka pamoja, basi. Haikwambii yanapandishwa na nini. Kwa mwanamke aliye kwenye kemo, usingizi, uchovu na hamu ya kula vinasukumwa na dawa ileile moja, kwa hiyo lazima viende pamoja na alfa itapendeza. Unaweza kuwa na dodoso thabiti kabisa linalopima makali ya dawa.

Na kuna dawa nyingine ambayo watafiti wa sonona huisahau: deksamethasoni, ambayo wengi hupewa ili kuzuia kutapika. Inafukuza usingizi, inaongeza hamu ya kula, na wengine inawafanya wasitulie. Sasa tazama swali la 5, linalouliza kula kidogo au kula kupita kiasi, na la 8, linalouliza kuwa mzito au kuhangaika. Mgonjwa anaweza kugusa pande zote mbili za swali moja ndani ya wiki mbili zilizopita, ambazo ndizo PHQ-9 inaziulizia, bila huzuni yoyote.

Hizo wiki mbili nazo zikufikirishe. Ratiba nyingi za tibakemikali hurudi kila baada ya wiki tatu. Ukimkuta siku ya kuja kutundikiwa, wiki mbili zilizopita ndizo alizokuwa anapata nafuu. Ukimkuta katikati ya mzunguko, zimebeba siku mbaya zote. Mwanamke yuleyule, moyo uleule, alama tofauti. Kwa hiyo kila fomu iandikwe ni siku ya ngapi ya mzunguko na ametumia dawa gani. Usipoandika leo huwezi kuirudisha baadaye.

Kuhusu tafsiri, kuirudisha kwenye Kiingereza hukamata makosa ya watafsiri, lakini watafsiri hao wote ni watu waliosoma sana na hawaumwi. Kinachokosekana kwako ni mahojiano ya kufikiri kwa sauti, na yanatakiwa kufanyika kabla ya data kubwa. Kaa na wanawake wa umri tofauti, elimu tofauti, hatua tofauti za ugonjwa. Msomee swali, ajibu, kisha muulize: umeelewa nini hapo? Ulikuwa unafikiria siku zipi? Mbona umechagua "siku kadhaa" na si "zaidi ya nusu ya siku"? Nilishafanya kazi hii na mama mmoja aliyejibu vizuri kila swali. Nilipomuuliza hizo wiki mbili alianzia kuhesabu lini, akasema tangu alipoambiwa ana saratani, maana kwake muda ulianza upya siku ile. Hakuna takwimu ingeonyesha hilo. Endelea mpaka mahojiano mapya yasilete jambo jipya, rekebisha, kisha rudi tena kwa wengine.

HADS ilitungwa na Zigmond na Snaith mwaka 1983 kwa wagonjwa wa hospitali, na makusudi yao yalikuwa kuepuka dalili za mwili. Ina maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya sonona. Usidhani imepona kabisa lakini. Ndani yake kuna swali la kujiona umekuwa mzito, la kutojali tena mwonekano wako, na la hofu inayochezacheza tumboni. Muulize mwanamke aliyepoteza nywele na titi kuhusu mwonekano, au anayetapika kuhusu tumbo, uone unachopata. Isitoshe, HADS inahitaji leseni, wakati PHQ-9 na GAD-7 ni za bure.

Maswali ya mwili usiyafute. Ukifuta umetengeneza dodoso jipya, na kizingiti cha 10 hakina maana tena. Yaulize yote tisa, kisha uchambue kwa njia mbili: kwa kuhesabu kila kitu, na kwa kutazama yale ya moyo na mawazo peke yake. Endicott alipendekeza mwaka 1984 kwamba kwa wagonjwa wa saratani dalili za mwili zibadilishwe na nyingine, mfano kujitenga na watu au kushindwa kabisa kuchangamshwa. Hilo ni la mwongozo wa mahojiano, si la kupachika ndani ya PHQ-9.

Sasa swali lako la haki. Haki inatoka kwenye kulinganisha na usaili wa kitabibu. Mtu aliyefunzwa anamsaili mgonjwa kwa MINI au SCID, ambayo ni miongozo ya usaili wa kutambua magonjwa ya akili, bila kujua alama zake, ndani ya siku chache, na wanasailiwa pia walioonekana wazima. Kizingiti cha 10 kilitoka kwenye utafiti wa mwaka 2001 uliofanyika Marekani kwenye kliniki za huduma ya msingi na za uzazi. Kilikamata 88% ya waliokuwa na sonona kubwa na kuwaacha 88% ya wasiokuwa nayo. Hawakuwa wagonjwa wa saratani. Hata kikifanya kazi vilevile kwako, tuseme kati ya wanawake 100 wenye sonona ni 20: utawakamata kama 18, na utawataja kimakosa kama 10 wengine. Dawa zikiwapandishia alama wazima, hao 10 wataongezeka. Wale ni watu, watapelekwa kwa mshauri nasaha wakati foleni ni ndefu na aliye hoi anasubiri nyuma yao.

---

MamaSalha amejibu:

Mimi si mtafiti, nilitibiwa saratani ya matiti na nikamaliza. Niliwahi kusomewa maswali kama hayo nikiwa na dripu mkononi na binti yangu ameketi pembeni. Kila swali nikajibu "hapana kabisa". Ungetaka nisemeje mbele ya mtoto ambaye usiku namsikia akilia? Tafadhali tafuteni mahali pa faragha, na ndugu waombwe kwa heshima kusubiri nje.

Lingine ni lile swali la mwisho la kufa. Sisi tunawaza kifo sana. Nilikuwa nawaza nani atawasomesha wanangu, nani atamtunza mama. Sikutaka kufa hata dakika moja. Mkiandika tu kwamba nilikuwa na mawazo ya kifo, mtakuwa mmenielewa kinyume.

---

Takwimu_Kamau amejibu:

Naongeza machache upande wangu. Ukubwa wa sampuli usiuhesabu kwa jumla ya wanawake pekee. Kwa kizingiti, kinachoamua ni wangapi watathibitishwa kuwa na sonona kwenye usaili. Wakiwa wachache, asilimia zako zitakuwa na mipaka mipana mno, hata kama fomu ni nyingi. Pia pima kitakwimu kama maswali yanajikusanya katika kundi moja au makundi mawili, la mwili na la hisia. Kwa wagonjwa wa hospitali ule wa mawili hujitokeza mara kwa mara, na utakujibu swali lako la kemo.

Kipimo cha kurudia, yaani kumuuliza mtu yuleyule mara ya pili kuona kama majibu yanabaki yaleyale, kifanyike wakati hali haijabadilika. Ukipima kabla ya dawa na kurudia siku tatu baada yake, tofauti utakayoipata si kosa la dodoso. Na usichanganye waliojisomea na waliosomewa bila kuangalia kama maswali yanafanya kazi sawa kwa makundi yote mawili.

---

Rehema_Onko amejibu:

Nawashukuru sana. Mama Salha, pole kwa uliyopitia na asante kwa kunifungua macho. Suala la faragha naliandika kwenye itifaki leo hii. Dada Asha, kwetu daktari wa akili ni mmoja na ana wagonjwa wengi. Usaili nitaufanyaje? Na swali la 9, hilo la kufa, mtu akijibu "siku kadhaa", mimi muuguzi nifanye nini papo hapo?

---

Asha_Saikolojia amejibu:

MINI haihitaji daktari wa akili. Mhudumu wa afya aliyefunzwa vizuri anaiweza, huyo daktari akiwafunza na kupitia baadhi ya saili. Asiwe wewe uliyesoma fomu.

Swali la 9, jibu lolote zaidi ya sifuri lifuatwe siku hiyohiyo kabla hajaondoka. Mama Salha amekupa swali lenyewe la kuuliza: anawaza kifo kwa sababu ya ugonjwa, au anatamani afe, au amefikiria kujidhuru? Akisema anatamani afe, muulize amepanga vipi na ana nini karibu, usimwache peke yake, na apelekwe kwa mtu ambaye jina na simu yake vimeshaandikwa kwenye itifaki. Fomu zisikae kwenye droo kusubiri uchambuzi. Andika pia maelezo yake pembeni ya alama, maana hayo ndiyo yatakayokuonyesha kama swali la 9 linakamata kinachotakiwa.

Kabla hujaendelea, tafuta utafiti wa PHQ-9 ya Kiswahili kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo nchini Kenya, ulichapishwa mwaka 2006. Linganisha tafsiri yenu na yao swali kwa swali. Wagonjwa wale wana shida za kumeza ambazo wako hawana, kwa hiyo swali la hamu ya kula usilichukue kama lilivyo. Ukishaandaa mwongozo wa mahojiano ulete hapa, nitaupitia, hasa kuanzia swali la 3 hadi la 5.