Naomba ushauri: pandikizi wa genge nimfiche hadi mwisho au nimwanike mapema?

KalamuKavu

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandika skripti ya filamu ndefu. Polisi wamempandikiza askari wao ndani ya genge la wauza unga, na genge nalo limempandikiza kijana wake ndani ya polisi. Kila mmoja anapewa kazi ya kumsaka mwenzake bila kumjua. Najua mtaniambia hiyo ni Infernal Affairs, ile filamu ya Hong Kong. Sikatai, ndiyo iliyonitia wazimu nikashika kalamu. Ila yangu nimeijenga tofauti: mtazamaji anamjua pandikizi wa polisi tangu mwanzo, lakini yule wa genge nimemficha. Ni inspekta mpole, mchapakazi, kila mtu anampenda, na anafichuka dakika za mwisho kabisa.

Nimewapa watu kadhaa waisome. Wanasema mwanzo umekaa, mwisho unashtua, katikati wanapiga miayo. Mmoja amekiri alikuwa anaruka kurasa. Nikaongeza magari kufukuzana, nikaongeza risasi, bado hali ni ileile.

Sasa naomba kujua: nimfiche au nimwanike? Na hawa watu wanagunduana vipi bila ule ujinga wa mtu kusahau simu mezani? Wenye uelewa shusheni nondo.

Mzee wa Siti ya Nyuma

Mwanike. Tena mapema.

Hiyo Infernal Affairs ya 2002 unayoipenda haina fumbo la nani ni nani. Mwanzoni tu bosi Sam anawakusanya vijana wake na kuwatuma wakajiunge na chuo cha polisi. Upande wa pili kuruta mmoja hodari anatimuliwa chuoni wenzake wakiona, kumbe ndiyo kwanza kazi yake inaanza. Hujakaa sawa kwenye kiti, wote wawili umeshawajua.

Halafu linakuja tukio la usiku wa biashara ya unga. Chan, askari aliyejificha, yuko chumba kimoja na Sam. Anagonga kioo cha dirisha kwa kidole, taratibu, kama mtu aliyechoka kusubiri. Ni alama za Morse. Mrakibu Wong amevaa hedifoni upande wa polisi, anazisoma. Na palepale kwenye chumba cha operesheni, nyuma ya mgongo wa Wong, yupo Lau, mtu wa Sam, anatafuta namna ya kumtonya bosi wake. Watu wamekaa tu kwenye viti, lakini wewe unayetazama huwezi hata kumeza mate. Usiku ukiisha, pande zote mbili zinajua kwamba ndani kwao kuna mtu.

Sasa mfiche Lau kwenye tukio hilo uone kinachobaki. Polisi wanasikiliza, dili linaharibika, wanarudi nyumbani. Basi.

Ndiyo maana katikati pako panapwaya. Inspekta wako ana kurasa sitini za kuwa mpole. Kila anapoingia chumbani angeweza kututoa jasho, lakini umemgeuza fanicha ili ulinde siri moja ya mwisho. Bei uliyolipa ni kubwa mno.

Ninja Mstaafu

Hamjaweka tahadhari kwamba mnasimulia muvi nzima. Mimi hiyo sijaiona bado 😭

Mzee wa Siti ya Nyuma

Ninja, ya mwaka 2002 hiyo. Ulitaka tukusubiri mpaka lini?

Dada Kamera

Mzee namheshimu, ila asifunge mlango kwa komeo.

Reservoir Dogs ya 1992 inamficha askari, na inafanya kazi. Wizi wa almasi umeharibika, majambazi wanakutana kwenye ghala, mmoja wao amepigwa risasi ya tumbo na anavuja damu sakafuni. Kila mtu anauliza nani kawauza. Muvi inapita kama nusu ndipo unajua kwamba askari ni huyohuyo anayevuja damu, Mr. Orange. Lakini angalia mazingira yake: watu wachache, ghala moja, na swali la “nani” liko mezani tangu wanaingia. Wahusika wenyewe wanaliuliza kwa kupigiana kelele, kwa hiyo kumficha jibu ni haki. Kwako, KalamuKavu, kuna mtu yeyote kwenye skripti anayeuliza nani ni pandikizi kabla ya mwisho? Kama hakuna, hujaficha kitu. Umetunyima taarifa tu, na hilo mtazamaji analihisi hata kama hawezi kulitaja.

Pili, baada ya kumfichua, muvi haikimbilii mwisho. Inarudi nyuma kutuonesha alivyotengenezwa, na hapo ndipo napapenda kuliko risasi zote. Msimamizi wake anampa karatasi zenye kisa cha uongo cha kuchekesha: jamaa ana begi la bangi, anaingia msalani kituo cha treni, anawakuta polisi wamesimama mle na mbwa. Anaambiwa akikariri kama mwigizaji, na akijue choo chenyewe, kama wanakaushia mikono kwa karatasi au kwa mashine ya upepo. Tunamwona anakisoma chumbani kwake kama mwanafunzi, kisha anakisimulia kwa msimamizi, kisha kwa majambazi. Mwishowe tunamwona yuko ndani ya kisa chenyewe, amesimama chooni mbele ya polisi ambao hawajawahi kuwapo. Uongo umeota miguu.

Tukio la namna hiyo huwezi kuliandika kwa inspekta wako, kwa sababu umemficha. Hapo nakubaliana na Mzee.

Msoma Majalada

Mnaongea ufundi tu. Mimi nauliza: hawa watu wako wanapoteza nini?

Joseph Pistone alikuwa mtu wa FBI. Mwaka 1976 alijigeuza Donnie Brasco, mwizi wa vito, akaingia hadi ndani ya familia ya kimafia ya Bonanno ya New York, akatolewa 1981. Ushahidi wake ulisaidia kuwatia hatiani watu zaidi ya mia moja. Dominick Napolitano, aliyemkaribisha, aliuawa mwaka huohuo alipotolewa. Yaani mtu alikufa kwa kosa la kumwamini mgeni. Ukiwa Pistone, hilo unaliweka wapi?

Filamu yake ya 1997, Donnie Brasco, imechagua kubeba mzigo huo kupitia Lefty, mzee wa genge aliyechoka, ambaye ndiye anamdhamini Donnie. Kuna mahali wanaingia mgahawa wa Kijapani wanaambiwa wavue viatu. Donnie ana kinasa sauti ndani ya buti. Anakataa, anatunga hapohapo kwamba baba yake aliuawa vitani na Wajapani, na genge kwa kumwonea huruma linampeleka mhudumu pembeni na kumpiga vibaya. Donnie amepona. Mhudumu hakukosa lolote. Hilo ndilo tukio la pandikizi ninalolijua mimi: si kwamba atakamatwa au hatakamatwa, ni nani analipa ili yeye asikamatwe.

Na mwisho Lefty anaitwa na wakubwa. Anavua saa, pete, anaviweka kwenye droo pamoja na vitu vyake vingine, anaanza kuondoka, anarudi kuiacha droo wazi kidogo ili mkewe avione. Kwenye maisha halisi Lefty hakuuawa, FBI walimkamata kabla. Ila droo ile naisamehe.

Inspekta wako anampenda nani pale kituoni? Kama jibu ni hakuna, mtazamaji naye hatampenda.

KalamuKavu

Duh. Asanteni sana, hasa Msoma Majalada, hilo swali limenikaa kooni.

Nimefikiria hivi: tukio la tatu tumwone inspekta anapokea simu ya bosi wa genge. Kuanzia hapo tunajua. Yule askari mwenzake anayekaa naye meza moja, ambaye mimi nilimweka kama mapambo, awe ndiye anayempenda kama mdogo wake. Na bosi wa genge amwagize amfanyie huyo kitu.

Sasa nibakishieni lile la kugunduana. Na mwisho: afe, akamatwe, au apone?

Mzee wa Siti ya Nyuma

Kugunduana: kitu kidogo ambacho mtazamaji ameshakiona na kukidharau. Kwenye Infernal Affairs ni bahasha. Genge linajaza taarifa zao binafsi, mmoja amekosea kuandika, Chan anamsahihisha kwa mkono wake juu ya bahasha. Unacheka unapita. Baadaye sana Chan amekaa ofisini kwa Lau, anajua sasa yuko salama, macho yanatua mezani: bahasha ileile. Lau akirudi, kiti kitupu. The Departed ya 2006, ambayo ni hadithi hiyohiyo iliyotengenezwa upya na Scorsese kule Marekani, nayo imeibakiza bahasha, na ilikuwa na akili kuibakiza.

Uzuri wake ni kwamba hakuna aliyefanya upumbavu. Lau hakuwa na sababu ya kuificha.

Halafu kuna jambo watu hawaliangalii: ni wangapi wanaomjua pandikizi wa polisi? Kule Hong Kong anayejua ni Wong peke yake. Wanamtupa kutoka ghorofani anaangukia teksi mbele ya Chan, na Chan amebaki hana mtu duniani wa kusema yeye ni nani. Jalada liko kwenye kompyuta, na Lau analifuta. Scorsese alipoipeleka Boston akaweka polisi wawili wanaojua, Queenan na Dignam. Queenan anakufa, Dignam anaondolewa kazini akiwa na hasira zake. Kwa kuongeza mtu mmoja tu ambaye bado anajua, ameshaandaa mkono wa kuja kumpiga risasi Sullivan, pandikizi wa genge, mwishoni. Kwa hiyo hesabu kwanza wanaojua, mwisho utakuja wenyewe.

Dada Kamera

Kuhusu mwisho, Mzee amekumbusha jambo. Infernal Affairs ina miisho miwili. Ule wa Hong Kong, Lau anabaki huru, askari mwenye jina safi, anaishi ndani ya uongo wake. Ule uliotengenezwa kwa ajili ya China bara, polisi wanamkamata. Utazame mwisho huo wa pili baada ya ule wa kwanza uone unavyoishusha hadithi. Hollywood ya zamani nayo ilikuwa na sheria zake: White Heat ya 1949 ina askari aliyepandikizwa gerezani kwenye selo ya Cody Jarrett, jambazi anayemwabudu mama yake, na kwa kanuni za wakati ule ilikuwa lazima jambazi aishie vibaya. Ila hata pale kinachouma ni Cody kugundua kwamba yule aliyemtendea kama ndugu ni polisi.

Wewe hakuna anayekulazimisha. Kwangu asife. Kifo ni kumhurumia.

Ninja Mstaafu

New World ya Korea, 2013. Hii nimeiona kwa hiyo natoboa mimi sasa 😂

Jamaa ni askari ndani ya genge, ana cheo kikubwa humo. Bosi wake wa polisi anamtumia kama mswaki, kila akitaka kutoka anaambiwa bado kidogo. Ndugu yake wa gengeni, Jung Chung, mropokaji, anatoka safari na saa feki ya kumzawadia, lakini ndiye anayempenda kweli. Na Jung Chung anakuja kujua kwamba huyu ni askari. Anamwacha. Mwisho jamaa anachagua genge, anakalia kiti cha bosi.

Geuza upande tu. Inspekta wako apende polisi kuliko walivyompenda waliomtuma.

Mzee wa Siti ya Nyuma

Ninja kumbe una akili, ulikuwa unaificha.

Msoma Majalada

Nyongeza moja. Na bosi wako wa genge una uhakika naye? Costello, bosi wa genge wa The Departed, amechotwa kwa sehemu kutoka kwa James “Whitey” Bulger wa Boston, ambaye alikuwa anawapa FBI habari huku akiendesha genge lake. Aliyekuwa anamsimamia, ajenti John Connolly, ndiye aliyemtonya kwamba anakuja kukamatwa. Bulger akatoweka mwishoni mwa 1994 hadi 2011. Sikushauri uiweke, skripti yako tayari imejaa. Ila fikiria inspekta anajitoa roho kwa bosi ambaye mwenyewe anauza watu kwa polisi.

KalamuKavu

Hapana, hiyo ndiyo inaingia 😅 Inafafanua kwa nini kila dili la genge dogo linakamatwa na lake halikamatwi. Nilikuwa na tundu hapo na sikuwa na cha kulizibia.

Basi mpango: wanaojua pandikizi wa polisi wawe wawili, mmoja afe katikati. Inspekta apone, apandishwe cheo. Magari ya kufukuzana nayafuta yote. La mwisho kabisa halafu niwaache mpumzike: mke wa inspekta, ajue au asijue?

Dada Kamera

Ajue. Lakini ajue kabla mumewe hajajua kwamba anajua, na sisi tuwepo anapojua. The Departed wamelifanya kwa hedifoni: bahasha imekuja kwa posta, mwanamke anasikiliza sauti ya Sullivan na Costello, Sullivan yuko upande wa pili wa mlango anambembeleza afungue. Wewe usitumie kinasa sauti, kimeshatumika. Mpe risiti, au jina ambalo mumewe hakupaswa kulijua. Halafu mwache ampakulie chakula cha usiku kama kawaida, kurasa mbili nzima, na usimwandikie hata mstari mmoja wa kumwuliza.