Nani alichonga hili ganda? Swali la mpwa wangu

mjomba_umoja
Wasee niko na swali na msinicheke. Disemba tulipeleka watoto Mombasa, mpwa wangu akaokota ganda la sea urchin, yule mnyama wa bahari wa miiba mieusi, yule ukimkanyaga unachechemea wiki mzima. Sasa ganda liko juu ya TV na lina vitundu vimepangwa mistari, ukihesabu imejigawa mara tano sawasawa. Kijana akaniuliza nani alichonga. Nikamwambia hiyo ni kalisiamu tu kama chaki, akasema sasa chaki inajuaje pahali pa kuweka shimo. Nimekwama.

maikroskopu254
Huyo kijana anunuliwe soda. Chaki haijui kitu, seli ndio zinajua. Hii kitu imesomwa sana kwa vitoto vya huyo mnyama juu kiinitete chake, yaani mtoto akianza tu kukua kutoka kwa yai, kinapitisha mwanga, unaona kila kitu kikitendeka. Kikifika seli 16, nne zinakuwa ndogo kuliko zingine, na kizazi cha hizo nne ndio mafundi wa mifupa, zinaingia kwa ule uwazi wa ndani, zinatembea, zinashikana mpaka zinakuwa kitu kimoja, halafu zinaanzisha vijiti viwili vya mfupa, kila upande kimoja. Okazaki, Mjapani, 1975 alizitoa hizo ndogo akazilea kando kwa maji ya bahari na siramu ya farasi (ile majimaji ya damu), na bado zikajenga vijiti!

fundi_kayole
Kwani si ni mjengo tu? Unafunga mbao, unamwaga konkriti, inashika.

maikroskopu254
Karibu hivyo fundi. Mbao ni mfuko wa utando ambao seli zinautengeneza, na kalisiamu kaboneti inaingia hapo kwanza ikiwa haina mpangilio, baadaye ndio inageuka fuwele. Lakini haimwagwi mara moja, kijiti kinarefuka kwa ncha na mbao zinazidi kufungwa mbele yake. Na maze, hata kikipinda bado kwa mwanga uliochujwa (polarized) kinaonekana ni fuwele moja. Wewe jaribu kupinda fuwele ya chumvi uone.

dada_wa_maabara
Mmesahau foreman. Ngozi ya nje ya kiinitete inatoa protini inaitwa VEGF, hiyo ndio inaita seli zije hapa zijenge hapa, ukiizuia hakuna mfupa. Na ni hiyo hiyo VEGF ndani yako inaita mishipa ya damu. Halafu kuna jeni ya alx1, timu ya mwanasayansi Charles Ettensohn wa chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, ilionyesha 2003 kwamba ukiizima hao mafundi hawatokei kabisa. Binadamu pia ako nayo, inahusika na kuunda uso.

mjomba_umoja
Nimeshika, asanteni. Lakini ngoja, hivyo vijiti ni vya mtoto, na mimi niko na ganda la mtu mzima. Ile tano inatoka wapi?

dada_wa_maabara
Hapo umenibana mjomba, ni kweli tumekujibu nusu. Mtoto hana tano, ako na kushoto na kulia kama sisi. Mwili wa mtu mzima unajengwa upya ndani yake, upande wa kushoto, na hapo ndio tano inaanza, jeni nyingi za mifupa ni zile zile zinarudi kazini. Siku ikifika anabadilika, anaanza kuishi chini kwa sakafu ya bahari.

mjomba_umoja
Nimemsomea. Sasa anauliza kwa nini kushoto. Naenda kulala.