Naomba ushauri: kuku wanaobaki sokoni jioni tuwapeleke wapi?

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni katibu wa wauza kuku katika soko moja hapa Mwanza. Tangu mafua ya ndege yalipoua ndege wa porini na wa kufugwa upande wa Uganda mwaka 2017, huku ziwani roho hazijatulia.

Sokoni kwetu kuku, bata na kware wanabanana. Matenga yamepandiana, wa juu wanawanyea wa chini. Wasiouzwa wanalala hapohapo, asubuhi wanachanganywa na mzigo mpya.

Hong Kong, baada ya mlipuko wa 1997 uliowapata watu 18 na kuua 6, walitenga bata na kuku, wakaweka siku za kuacha soko tupu lisafishwe, na mwaka 2008 wakapiga marufuku kuku hai kulala sokoni.

Sisi bata tumeshawahamishia kona yao. Tunasugua kwa sabuni kwanza ndipo tunapiga klorini, maana juu ya kinyesi klorini huishiwa nguvu. Kinachotushinda ni matenga ya fito: mavi yameganda kwenye viungio, brashi haifiki. Halafu wenzangu wanauliza, "Nikiwarudisha nyumbani, si napeleka ugonjwa bandani?" Hapo kwa kweli sina jibu.

Maswali yangu: waliobaki jioni, kwenu mnawachinja wote na kugandisha, au kuna njia isiyomtia mchuuzi mdogo hasara? Na matenga ya fito yanasafishika kweli, au tuchange tununue kreti za plastiki? Madaktari wa mifugo, msinipite.