Kambi ya nyota na wanyama Ugalla: twende mwezi gani?

Swali, kutoka Tabora mjini
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na walimu wenzangu tunapanga kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, ili mchana tutazame wanyama na usiku tutazame nyota. Je, twende mwezi gani?

Jibu la kwanza
Mwalimu, nendeni Julai, siku za mwezi mwandamo, kwa maana mbalamwezi hufifisha nyota nyingi. Mvua zimekwisha, na kundi la nyota liitwalo Nge hupanda juu sana pamoja na Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota. Mkingoja Septemba, wanyama wataonekana kwa urahisi zaidi kwa kuwa maji yamebaki katika mabwawa ya mto, lakini moshi wa nyika zinazochomwa huchafua anga. Mimi ningechagua Julai bila kusita. Bebeni masweta.

Jibu la pili
Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila mbung'o asisahauliwe: huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, basi vaeni kaki ya mikono mirefu. Hema lisiwe kando ya maji, kwani viboko hutoka usiku kula majani, na njia zao zilizochimbika ukingoni mtaziona wazi mchana. Askari wa hifadhi awaonyeshe mahali.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Tochi tutazifunika kwa kitambaa chekundu ili macho yabaki yamezoea giza. Je, Kilimia, kile kishada cha nyota, tutakiona?

Jibu la kwanza
Mtakiona, mkiamka kabla ya alfajiri na kutazama kaskazini mashariki.